Amana Iliyo Chini ya Ardhi na Uadilifu wa Mwenye Kuikadiria

Killa mwenye kupima ana amana mkononi mwake. Muuza nafaka apimaye kwa pishi, sonara apimaye dhahabu kwa mizani, na rubani apimaye kina cha maji kwa bildi, wote hawa husadikiwa na watu kwa jambo ambalo watu wenyewe hawakulipima. Akipunja muuza nafaka, mnunuzi aweza kurudi nyumbani akapima tena kwa kibaba chake, akaijua khiyana siku ile ile. Akikosea rubani, chombo hupanda mwamba mbele ya macho ya wote. Lakini yuko mpimaji wa namna nyingine, ambaye kosa lake halionekani siku ile wala mwaka ule, na pengine halionekani illa baada ya yeye kufa na wajukuu wake kuzeeka. Huyo ni mtu akadiriaye nafasi iliyofichika chini ya ardhi. Suala la karatasi hizi ni hili: mtu huyu yampasa aseme nini, na aseme kwa namna gani, hatta ahesabiwe kuwa mkweli?

Khabari yenyewe ni hii. Watu wa zama hizi wachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa kadiri isiyopata kuonekana duniani. Katika uchomaji huo hutoka hewa ya ukaa, ambayo wenye ilmu huiita kaboni dayoksaidi, nayo yazidi tani bilioni 37 kwa mwaka mmoja. Hewa hii haionekani kwa macho wala haina harufu, lakini huzuia joto lisitoke, na kwa sababu hiyo dunia yazidi kupata joto, barafu yayeyuka na bahari yapanda. Wakaao pwani hawahitaji kuambiwa maana ya bahari kupanda. Basi miongoni mwa dawa zilizotajwa ni kuikamata hewa hii katika viwanda kabla haijapanda juu, kuishindilia, kuipitisha katika mabomba na kuitia chini ya ardhi, ikae humo daima. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la mpimaji: chini ya ardhi mna nafasi ya kiasi gani?

Mtu asiyejua hudhani kwamba chini kuna mapango makubwa matupu yanayongoja kujazwa. Sivyo. Hewa hutiwa ndani ya mawe, khasa mawe ya mchanga ambayo yana vitundu vidogo vidogo baina ya chembe na chembe. Hutafutwa mawe yaliyo chini zaidi ya mita 800 hivi, kwani katika kina hicho mkandamizo ni mkubwa, na hewa hushikana hatta ikakaribia kuwa nzito kama kitu cha maji. Tani moja ambayo juu ya ardhi yataka nafasi ya mita za ujazo zaidi ya 500, huko chini yaweza kukaa katika mita moja na nusu au mbili. Juu ya mawe hayo hapana budi pawe na mwamba mwingine mgumu usiopenyeka, uwe kama kifuniko. Kisha, kwa muda wa miaka mingi, sehemu ya hewa hunaswa katika vitundu, sehemu huyeyuka katika maji ya chumvi yaliyomo, na sehemu nyingine hugeuka jiwe. Haya ni mambo yaliyochunguzwa, na hapana haja ya kuyakanusha.

Ugumu waanza katika hesabu. Msomaji na achukue mtungi, aujaze mchanga, kisha aumiminie maji mpaka ufurike. Je, mtungi huu una nafasi? Atakayesema hauna, amesema kweli, kwani umejaa. Na atakayesema unayo, amesema kweli vile vile, kwani maji yaweza kusukumwa na kitu kingine kikaingia mahali pake. Lakini maji hayo yaende wapi? Na mtungi ukikazwa kifuniko, utahimili mkandamizo gani kabla haujapasuka? Mawe ya chini ya ardhi ni mtungi huo. Hayakuwa matupu tangu zamani, yamejaa maji ya chumvi.

Na ichukuliwe hesabu ya mfano. Liwepo tabaka la mawe lenye eneo la kilomita za mraba 100 na unene wa mita 50, na vitundu vyake viwe sehemu 20 katika 100. Vitundu vyote pamoja vitakuwa mita za ujazo bilioni moja. Ikiwa katika kina hicho mita moja ya ujazo yachukua tani 0.65, basi kwa hesabu ya karatasi tabaka hili lingechukua tani milioni 650. Lakini hewa haiwezi kufika katika killa kitundu. Hupanda juu, hufuata njia iliyo nyepesi, na huacha sehemu kubwa bila ya kuigusa. Kwa hivyo mkadiriaji huzidisha kwa kipimo cha ufanisi, ambacho kwa mawe ya namna hii huwa ni sehemu chache tu katika 100. Akichagua sehemu 1, jawabu ni tani milioni 6 na nusu. Akichagua sehemu 4, jawabu ni tani milioni 26. Jiwe ni lile lile, wala halikuongezeka hatta chembe moja. Kilichobadilika ni neno la mtu mmoja aliyeketi mezani na kalamu yake. Hapa ndipo panapoonekana kwamba ukadiriaji ni kazi ya tabia kama ulivyo kazi ya hesabu.

Wanazuoni wamezoea tangu zamani kupambanua daraja za ujuzi: kuna shaka, ambapo pande mbili ziko sawa, kuna dhana, ambapo upande mmoja wazidi nguvu, na kuna yakini, ambayo haina mashindano. Mwenye adabu ya ilmu husema, “Hili nina yakini nalo, na hili nalidhani.” Na dhulma ya ilmu ni kuitoa dhana ikiwa imevaa kanzu ya yakini. Ajabu ni kwamba mahandasi wa siku hizi, kwa njia yao wenyewe, wamefika mahali hapo hapo. Katika mwaka 2017 chama chao cha wahandisi wa mafuta kilitoa utaratibu wa kuzigawa ghala hizi kwa daraja. Daraja ya chini ni nafasi inayodhaniwa tu, ambayo bado haijachimbwa kisima cha kuithubutisha. Ya pili ni nafasi iliyochimbwa ikaonekana, lakini kuna kizuizi, kama vile ruhusa au gharama. Ya tatu ni nafasi ambayo kazi yake imekwisha kukatwa shauri na njia zake ziko wazi. Na ya juu kabisa ni hewa ambayo imekwisha kutiwa ikakaa. Ni mtu mmoja tu ndiye atakayekasirika kwa mgawanyo huu, naye ni yule aliyetaka kuzijumlisha daraja zote na kutangaza jumla yake kama fedha iliyomo mfukoni.

Na haja ya mgawanyo huu haikutokana na maneno, imetokana na mambo yaliyotukia. Norway iliweka kodi juu ya hewa hii katika mwaka 1991, na katika mwaka 1996 kazi ya kuitia chini ilianza katika Bahari ya Kaskazini, mahali paitwapo Sleipner, kwa kadiri ya tani milioni moja hivi kwa mwaka. Mahali hapo pamekuwa hoja kubwa ya wenye kuipenda kazi hii, na kwa haki, kwani hewa imekaa humo zaidi ya robo ya karne na uangalizi haukuonyesha kwamba yavuja. Hatta hivyo, walipoipiga picha ardhi kwa mwangwi katika mwaka 1999, waliona hewa imekwisha kupanda mpaka juu ya mchanga ule na kujipanga katika tabaka 9. Mafanikio yenyewe yalikuwa na funzo ndani yake, ya kwamba jiwe lina mambo yake ambayo karatasi haikuyajua.

Katika nchi hiyo hiyo, mahali paitwapo Snøhvit, kazi ilianza mwaka 2008. Tabaka lililochaguliwa lilitazamiwa kupokea hewa kwa miaka mingi. Baada ya muda mfupi mkandamizo ulipanda kupita ilivyodhaniwa, na katika mwaka 2011 ikalazimu kuliacha tabaka lile na kuhamia lingine. Algeria nayo, katika jangwa la In Salah, hewa ilitiwa tangu mwaka 2004 katika mawe yaliyo karibu kilomita 2 chini. Setilaiti zilizopita juu ziliona ardhi ya jangwa ikiinuka kwa milimita chache killa mwaka, na mwaka 2011 kazi ilisimamishwa kwa khofu juu ya uimara wa kifuniko, baada ya kutiwa tani karibu milioni 4. Na katika kisiwa cha Barrow, Australia, kazi kubwa iliyoanza mwaka 2019 imetia chini hewa pungufu sana ya ilivyoahidiwa, na katika sababu zake ni mchanga ulioziba visima vya kutolea maji ya kupunguza mkandamizo. Mahali pote hapa wapimaji walikuwa watu wa ilmu, wenye vyombo bora. Hapana aliyesema uwongo kwa kusudi. Lakini killa mahali dhana ilikutana na jiwe, na jiwe ndilo lililotoa hukmu.

Sasa na itazamwe hesabu ya mahali pakubwa zaidi. Katika mwaka 2013 idara ya Marekani inayochunguza miamba ilitoa makadirio ya nchi nzima baada ya kupima mabonde 36 ya mawe. Ilisema wastani ni tani bilioni 3,000, na ikaeleza kwamba yaweza kuwa bilioni 2,400 au 3,700. Tena ilisema wazi kwamba hesabu yake yahusu yale yawezekanayo kwa ufundi tu, bila ya kutazama gharama, na ikayatoa mawe yenye maji yafaayo kunywewa. Hii ni namna njema ya kusema: imetaja kiasi, ikataja upana wa shaka yake, ikataja na kilichoachwa. Lakini khabari inapotoka katika kitabu cha wataalamu ikaingia katika vinywa vya wanasiasa na wafanya biashara, ule upana huanguka njiani, na yale masharti huanguka, hubaki nambari moja tu, kubwa, yenye kupendeza.

Na katika Septemba 2025 wataalamu wengine walitoa uchunguzi juu ya dunia nzima katika jarida la Nature. Kabla yao yalikuwapo makadirio ya tani bilioni zipatazo 11,800. Wao wakaondoa mahali penye mitetemeko ya ardhi, bahari zenye kina kirefu mno, hifadhi za viumbe, na mahali palipo karibu na makazi ya watu. Wakabakiwa na tani bilioni 1,460 hivi, ambazo ni kama sehemu moja katika nane. Msomaji na aizingatie tofauti hii vizuri. Mawe hayakupungua baina ya hesabu ya kwanza na ya pili. Kilichoingia katika mizani ni haki za watu walao na kulala juu ya mawe hayo. Hesabu ya kwanza iliuliza, “Jiwe laweza kubeba nini?” Na ya pili ikauliza, “Yajuzu kulibebesha nini?” Mwenye kudhani kwamba maswali haya ni mamoja hajafahamu maana ya uwezo na haki. Mtu mwenye nguvu aweza kumbeba mwanawe na mtoto wa jirani kwa mikono yake. Lakini mtoto wa jirani hambebi illa kwa idhini ya babake.

Zamani wanazuoni wa fiqhi walikataza kuuza samaki angali baharini na ndege angali hewani. Samaki hakika yumo, na mvuvi hakika ni hodari. Lakini mnunuzi hulipa leo kwa kitu ambacho hajui kama kitafika mkononi mwake. Hiyo ndiyo gharari. Kwa wasiosoma vitabu, watu wa mitaani wana neno lao: kuuziwa mbuzi katika gunia. Basi mwenye kiwanda asemapo, “Mimi nitaendelea kuchoma makaa miaka 40, kwani wataalamu wamesema chini kuna nafasi tele,” huyu amekwisha kumla samaki aliye baharini. Moshi autoao ni wa yakini, wapanda leo, wahesabika. Nafasi aitegemeayo ni ya dhana. Amebadilisha yakini ya madhara kwa dhana ya dawa, na khasara ikitokea haitakuwa juu yake; itakuwa juu ya watu wa visiwa na wa pwani, na juu ya watoto ambao bado hawajazaliwa kutia saini katika biashara hiyo. Na lau angetazama yaliyokwisha kutendeka, angaliona kwamba katika mwaka 2024 vyombo vyote vya kuikamata hewa hii duniani vilikuwa na uwezo wa tani milioni 50 hivi kwa mwaka, yaani hazifiki hatta sehemu 2 katika 1,000 za hewa itolewayo. Na nyingi katika tani hizo hutiwa katika visima vikuukuu vya mafuta ili kusukuma mafuta mengine yatoke.

Hapa atasimama mwenye kupinga aseme: “Maneno haya yataua kazi njema. Mkingoja yakini, hamtachimba hatta kisima kimoja, na bahari itapanda hali mwabishana juu ya dhana na yakini. Daktari hampi mgonjwa dawa kwa yakini. Humpa kwa dhana yenye nguvu.” Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mambo mengi ya dunia huendeshwa kwa dhana yenye nguvu. Mkulima hupanda kwa dhana ya mvua, na nahodha hutweka kwa dhana ya kaskazi. Lakini na atazamwe nahodha huyo. Hutweka kwa dhana, na pamoja na hayo huchukua maji ya akiba, wala hawaambii abiria kwamba amekwisha kuiona bandari. Daktari naye, akiwa mwaminifu, hamwambii mgonjwa wa kifua, “Endelea kuvuta tumbako, dawa yangu itatosha.” Dhana yafaa kuwa sababu ya kujaribu. Haifai kuwa sababu ya kuacha tahadhari. Basi na ichimbwe, na ipimwe, na itiwe hewa palipothubutu. Na uchomaji upunguzwe kana kwamba ghala hizo ni chache, kwani huenda zikawa chache kweli.

Lipo na jambo la pili, nalo ni muda. Mtu akiwekewa amana ya fedha, hukaa nayo mwaka au miaka 10, akairudisha. Amana hii yatakiwa kukaa maelfu ya miaka. Hapana kampuni iliyodumu muda huo, na dola zenyewe zimeinuka na kuanguka. Sharia ya nchi za umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 imesema kwamba kisima kikisha kufungwa, na baada ya muda ambao kwa kawaida haupungui miaka 20, dhamana yaweza kutoka kwa mwenye kampuni ikaingia kwa serikali. Maana yake ni kwamba faida ni ya wanaoishi sasa, na ulinzi ni wa watakaokuja. Wala haifai kuwatia watu khofu isiyo na msingi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa hii ilitoka ghafula katika ziwa Nyos nchini Cameroon, ikaua watu wapatao 1,700. Lakini ziwa si mwamba wa kilomita moja chini, na mwenye kulinganisha bila ya kueleza tofauti amepunja pishi kama yule mwenye kusifu bila ya kueleza shaka. Khatari iliyo karibu zaidi ni ile ya mabomba. Katika Februari 2020 bomba la hewa hii lilipasuka karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, watu zaidi ya 200 wakahamishwa na 45 wakapelekwa hospitali. Haki yataka yatajwe yote mawili kwa kadiri yake.

Huko Oman, ambako wengi wa watu wa pwani wana ndugu na nasaba, iko milima ya mawe meusi ambayo kwa tabia yake huishika hewa ya ukaa na kuigeuza jiwe jeupe. Mishipa yake yaonekana katika majabali. Katika Iceland watu walijaribu jambo la namna hiyo mwaka 2012 katika mawe ya volkano, na katika mwaka 2016 wakatangaza kwamba zaidi ya sehemu 95 katika 100 za hewa waliyoitia ziligeuka jiwe katika muda usiozidi miaka 2. Hii ni ghala iliyo bora kwa amana, kwani kilichogeuka jiwe hakihitaji mlinzi. Lakini hatta hapa shetani wa nambari kubwa hukaa mlangoni. Mtu huweza kuupima mlima wote, akasema utameza moshi wa dunia nzima. Naye hasemi maji ya kuyeyushia hewa yatatoka wapi katika nchi kavu, wala kwamba jiwe jipya laweza kuziba vitundu na kuizuia njia. Mlima ni mkubwa kweli. Mlango wake ni mdogo, na kazi hupimwa kwa mlango.

Basi mkadiriaji mwadilifu ajulikana kwa mambo manne. La kwanza, hutaja upana wa shaka yake pamoja na nambari yake, wala hakubali vitengane. La pili, hupambanua kilichochimbwa na kinachodhaniwa, asivijumlishe katika safu moja. La tatu, hueleza ni nani aishiye juu ya jiwe lile, na kama ameulizwa. La nne, hurudi baada ya miaka akapima tena, na nambari ikipungua huitangaza kwa sauti ile ile aliyoitumia ilipokuwa kubwa. Hili la nne ndilo gumu kuliko yote, na ndilo limpambanualo mtu wa ilmu na mtu wa soko.

Na msikilizaji naye ana wajibu wake. Akiletewa khabari kwamba chini ya ardhi mna nafasi ya kusitiri moshi wote, na aulize: imechimbwa au imedhaniwa? Ni kiasi gani kwa mwaka, na nani atailinda baada ya miaka 100? Mwenye jawabu hatakasirika kwa kuulizwa. Ahadi ni deni, na nambari itolewayo juu ya kilichofichika ni ahadi. Tofauti yake na madeni mengine ni kwamba mdai wake bado hajazaliwa, wala hana ulimi wa kudai. Kwa sababu hiyo ndiyo yampasa mwenye kuhesabu amdaie yeye nafsi yake mwenyewe, kabla hajaitia nambari katika karatasi. Na yaliyofichika yote, Mwenyezi Mungu ndiye ayajuaye.